Ufahamu wa Kifaransa B1: alama zinapotelea kwenye maneno madogo

Mtahiniwa anayeangushwa na sehemu ya kusoma kwenye DELF B1, mtihani wa cheti cha Kifaransa wa ngazi ya kati, mara nyingi msamiati anao. Neno "environnement" halimtishi, "développement" analijua, "gouvernement" analisoma bila kigugumizi, kwa sababu maneno marefu ya Kifaransa yanafanana na ya Kiingereza alichosomea tangu kidato cha kwanza. Kinachomwangusha ni "ne… que". Ni "dont". Ni "faute de". Ni kale kaneno "en" kanakojibanza mbele ya kitenzi, jicho likapita bila kukaona. Sisi tunaowaandaa watahiniwa hapa Dar es Salaam tumesahihisha karatasi nyingi za majaribio, na makosa yanajirudia kiasi kwamba tunaweza kuyataja kabla ya kuifungua karatasi. Mengi yana chanzo kimoja: msomaji anakipitisha Kifaransa kwenye Kiingereza kwanza, ndipo anakileta kwenye Kiswahili, na njiani maneno madogo yanadondoka. Kumbe Kiswahili chenyewe, kikitumiwa moja kwa moja, kina vifaa vya kuyashika maneno hayo ambavyo Kiingereza hakina.

Tuanze na mtihani wenyewe, maana wapo wanaojiandaa kwa mtihani uliokwisha kubadilika. DELF inasimamiwa na France Éducation international, taasisi ya serikali ya Ufaransa iliyoko Sèvres, jirani na Paris. Hapa Dar watu huufanyia Alliance Française, Upanga. Ngazi ya B1 ina sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila moja alama 25. Kufaulu ni 50 kati ya 100, na ukipata chini ya 5 kwenye sehemu yoyote moja umeanguka hata kama nyingine zimekwenda vizuri. Cheti hakiishi muda wake, tofauti na matokeo ya TCF, mtihani mwingine wa Kifaransa, ambayo hudumu miaka 2.

Sehemu ya kusoma sasa ni dakika 45 na mazoezi matatu: la kwanza alama 8, la pili 8, la tatu 9. Majibu yote ni ya kuweka alama kwenye kisanduku. Huandiki sentensi yoyote. Mabadiliko hayo yalianza kuingia mwaka 2020. Kabla yake zilikuwa dakika 35, mazoezi mawili, na mtahiniwa alitakiwa kunukuu maneno ya kifungu kuthibitisha jibu lake. Kopi za zamani bado zinazunguka, tena nyingine zimekopiwa kutoka kwenye kopi mpaka herufi zimefifia. Ukiona neno "Justifiez" au maelekezo ya dakika 35, hiyo ni pasti pepa ya mfumo wa zamani. Usiitupe. Vifungu vyake bado ni vizuri kwa kusomea. Ila usiitumie kupimia muda, wala usikubali ikuzoeze kuamini kwamba kazi ni kutafuta sentensi ya kunakili. Kwenye mfumo wa sasa, sentensi ya kunakili ndiyo mtego.

Jambo jingine la kujua mapema: jibu baya halikukati alama. Kisanduku kisichojazwa ni zawadi uliyoikataa.

Zoezi la kwanza wengi wanalidharau, na hapo ndipo alama rahisi zinapopotea. Unapewa hali fulani, tuseme wewe na rafiki yako mnatafuta kozi ya upishi au mahali pa kulala mkiwa safarini, kisha matangazo manne, na kwa kila tangazo vigezo vinne: bei, siku, mahali, kitu fulani cha ziada. Kwa kila kigezo unajibu OUI au NON. Visanduku ni 16, kila kimoja nusu alama. Tunapendelea mtu aende kigezo kwa kigezo: chukua bei, ipitie kwenye matangazo yote manne, kisha chukua siku, ipitie kote, na kuendelea. Ukisoma tangazo zima kwa pamoja, bei ya watoto inachanganyika na ya watu wazima, na punguzo la wanafunzi unalichukua kama bei ya kila mtu.

Kwa msomaji wa Dar kuna tatizo la saa, na hili halimo kwenye vitabu vya Ufaransa. Kigezo kinasema "après 18 heures". Kichwani inageuka saa kumi na mbili jioni. Unarudi kwenye tangazo ukiwa na "kumi na mbili" akilini, unakuta "de 12 h à 14 h", na mkono unaweka OUI. Usigeuze saa. Baki kwenye saa yao, na ukihitaji msaada andika pembeni neno moja tu: asubuhi, mchana, jioni. Vivyo hivyo na "quinze jours". Wafaransa wakisema hivyo wanamaanisha wiki 2, na "huit jours" ni wiki 1. Mwenye kuchukua 15 akatafuta kwenye kalenda atapotea kwa siku moja, na swali linaweza kuwa limekaa juu ya siku hiyohiyo.

Maneno ya kuyatazama kwa darubini kwenye matangazo ni yale yanayotoa au kufunga: "sauf le lundi" (isipokuwa Jumatatu), "hors vacances scolaires" (nje ya likizo za shule), "dès 12 ans" (kuanzia miaka 12), "moins de 12 ans" (walio chini ya 12), "sur réservation" (lazima uweke nafasi kwanza), "à partir de 30 euros" (bei inaanzia hapo, yaani inaweza kupanda). Hilo la mwisho limewaumiza wengi: kigezo kinasema usizidishe euro 30 kwa kozi ya siku 2, tangazo linasema "à partir de 30 euros", na chini yake kwa herufi ndogo 30 ni ya siku 1.

Zoezi la pili na la tatu ni vifungu vya ufahamu, aina ya makala za magazeti na majarida kuhusu kazi, elimu, mazingira, usafiri, chakula, teknolojia. Hapa kuna jambo moja kubwa, na tunalikalia kwa muda mrefu kuliko mengine yote. Tuchukue kifungu kifupi tulichokitunga kwa mfano:

"Ouvert il y a trois ans, l'atelier ne reçoit plus que les habitants du quartier. Faute de place, les responsables ont dû renoncer aux cours du soir, que beaucoup regrettent. Une deuxième salle devrait pourtant ouvrir à la rentrée, à condition que la mairie accepte d'en payer le loyer."

Swali: L'atelier a arrêté ses cours du soir parce que…
A. les habitants ne venaient plus.
B. le local était trop petit.
C. la mairie refusait de payer le loyer.

Wanaokosea huchagua C, wachache A. Tazama kwa nini. C imebeba "mairie", "payer", "loyer", maneno matatu yaliyomo kwenye kifungu. A imebeba "habitants" na "ne… plus", nayo yamo. B, ukiondoa "le", haina hata neno moja la kifungu. "Local" halimo, "trop petit" halimo. Na B ndiyo sahihi, kwa sababu "faute de place" maana yake ni kwa kukosa nafasi. Aliyezoea kwamba "faute" ni kosa anatafuta nani alikosea, hamwoni, anakimbilia maneno anayoyatambua.

Watunga mitihani wanafanya hivi kwa makusudi. Jibu sahihi husema kilekile kwa maneno mengine, na majibu ya uongo huazima maneno ya kifungu yaleyale na kuyapanga upya. Aliyesoma Kiswahili shuleni anaijua kazi hii kwa jina jingine: ufupisho. Mwalimu alisema "kwa maneno yako mwenyewe", akakata alama kwa aliyenakili. Hapa mtungaji ndiye aliyefanya ufupisho kwa maneno yake, na wewe unatakiwa kuutambua. Kwa hiyo chaguo likifanana mno na mstari wa kifungu, lishuku kwanza. Halimaanishi ni baya siku zote, ila lina deni la kuthibitishwa.

Turudi kwenye kifungu kilekile, maana hatujakimaliza. "Ne reçoit plus que" ina mambo mawili ndani: "ne… plus" inasema hali imebadilika, "que" inasema tu. Siku hizi kituo hicho ("atelier") kinapokea wakazi wa mtaa huo tu. Aliyeona "ne" na "plus" akakimbia atasema hakipokei tena wakazi wa mtaa, ambayo ni kinyume kabisa. Kisha "que beaucoup regrettent". Kamusi nyingi zitakupa "kujuta". Hakuna anayejuta hapa. Watu wanasikitika kwamba masomo ya jioni hayapo tena, wanayakumbuka. Swali la "vrai/faux" (kweli au si kweli) lingeweza kusema watu wengi hawakuyapenda masomo ya jioni, na mwenye "kujuta" kichwani ataweka "vrai".

Na "devrait pourtant ouvrir… à condition que". Chumba cha pili kimefunguliwa? Bado. Ni hakika kitafunguliwa? Hapana, kinatarajiwa, na kuna sharti. Ukiulizwa, jibu ni lile lenye "peut-être". Halafu "en" ya "d'en payer le loyer": kodi ya nini? Ya chumba cha pili. Neno la herufi mbili limebeba chumba kizima.

Sasa tuone Kiswahili kinasaidiaje. Kifaransa kinawapanga watu na vitu kwa jinsia na kulazimisha maneno yakubaliane. Kiswahili kinapanga kwa ngeli na kufanya vivyo hivyo. Mtoto wa Temeke hahitaji kufundishwa kwamba "kilivunjika" hakiwezi kuwa meza. Akili hiyohiyo ipeleke kwenye Kifaransa. "L'association a écrit au maire; celui-ci n'a pas répondu." Nani hakujibu? "Celui-ci" ni ya kiume, "association" ni ya kike, basi ni meya. "La directrice du lycée, que les élèves ont félicitée": ile "-e" ya mwisho kwenye "félicitée" inafanya kazi ya "-m-" katika "waliyempongeza". Aliyepongezwa ni mkuu wa shule, shule yenyewe haikupongezwa.

Mfano wenye nguvu zaidi ni umilikishi. "Paul a vendu sa voiture." Anayepitia Kiingereza anaona "sa" ya kike na kuanza kumtafuta mwanamke mwenye gari. Kwa Kiswahili tunasema gari lake, nyumba yake, kitabu chake, na hakuna anayedhani "lake" na "yake" ni za watu wawili tofauti. Kinachobadilisha neno ni kitu kinachomilikiwa. Kifaransa ni hivyohivyo.

Au chukua "la lettre qu'attendait le maire". Mtenda yuko nyuma ya kitenzi, na Kiingereza hakina mpangilio huo wa kukuazima, kwa hiyo msomaji anadhani barua ndiyo iliyomsubiri meya. Kiswahili kinao tayari: barua aliyokuwa akiisubiri meya. "Dont" nayo ukiibadilisha moja kwa moja haina ugumu: "l'homme dont la fille est malade", mwanamume ambaye binti yake anaumwa. "Y" ni huko, humo, hapo. "Lui" na "leur" mbele ya kitenzi ni "-m-" na "-wa-": "il leur a écrit", aliwaandikia. Tunawaambia wanafunzi wasome wakiwa na Kiswahili mdomoni, na wanaposahau tunawasikia: wanaanza kunong'ona kwa Kiingereza.

Lakini kuna mahali Kiswahili kinadanganya, na lazima pasemwe wazi. Hatutofautishi mwanamume na mwanamke kwenye "a-", kwa hiyo jicho letu hupita juu ya "il" na "elle" bila kujali. Makala inayonukuu watu wawili, mwanasaikolojia wa kike na mwalimu wa kiume, ina maswali ya nani alisema nini. Zungushia kila "il", "elle", "selon lui", "d'après elle" kwa kalamu. Hatuna pia vibainishi kama vyao: "les jeunes" ni vijana kwa jumla, "des jeunes" ni baadhi ya vijana, "certains jeunes" ni baadhi tu, "la plupart" ni wengi wao. Kwenye "vrai/faux" tofauti hiyo ndiyo swali zima.

Hatari nyingine ni "-nge-". Tumefundishwa kwamba "il aurait" ni "angekuwa na", na mara nyingi ni kweli. Lakini magazeti ya Kifaransa yanatumia umbo hilohilo kwa habari isiyothibitishwa. "Le directeur aurait quitté l'entreprise" ni inasemekana mkurugenzi ameondoka kwenye kampuni. Ukiandika "angeondoka" umempa sharti ambalo halipo. Alama ya kuitambua: hakuna "si" popote karibu.

Viunganishi tunaviandika kwenye ukurasa mmoja wa daftari na kuvirudia kila siku, maana hivyo ndivyo vinavyoonyesha mwandishi anaelekea wapi. "Pourtant", "cependant", "en revanche": anageuka. "Malgré": licha ya. "Bien que": ingawa. "En effet" na "en fait" ndizo zinazochanganywa kuliko zote. "En effet" inaleta sababu au uthibitisho wa kilichosemwa, karibu na "kwa maana". "En fait" inasahihisha, na neno letu lake ni "kumbe". Weka "kumbe" kila unapoona "en fait" uone kama sentensi inakaa. Na "plus" iangalie imesimama na nani: "il y a plus de places" nafasi zimeongezeka, "il n'y a plus de places" nafasi zimekwisha.

Kuhusu maneno yanayofanana na Kiingereza lakini yana maana nyingine, orodha ndefu haisaidii. Yapo kama kumi hivi yanayorudi mara kwa mara: "actuellement" (sasa hivi), "éventuellement" (huenda, ikibidi), "assister à" (kuhudhuria), "librairie" (duka la vitabu), "rester" (kubaki), "demander" (kuomba au kuuliza, bila ukali wowote), "attendre" (kusubiri), "stage" (mafunzo kwa vitendo), "formation" (mafunzo), "sensible" (mwepesi wa kuguswa), na "passer un examen", ambayo ni kufanya mtihani, kufaulu ni "réussir". Tazama pia "louer", ambayo ni kupanga na pia kupangisha. "J'ai loué un studio" nimepanga, "j'ai loué mon studio à un étudiant" nimempangisha. Sisi tuna "-ish-", wao wana "à" tu.

Mpango wa mazoezi tunaoutumia ni wa wiki 8, dakika 30 hadi 40 kwa siku. Wiki 3 za kwanza hakuna maswali kabisa. Kila siku kifungu kimoja cha maneno kama 300, unakisoma mara moja bila kusimama na bila kamusi, unafunga, unaandika ufupisho wa sentensi tatu kwa Kiswahili. Kisha unafungua na kulinganisha. Ulichokosea kwenye ufupisho ndicho ungekikosea kwenye mtihani. Wengi hulalamika kwamba wanapoteza muda kuandika Kiswahili wakati mtihani ni wa Kifaransa. Waandike. Sentensi ya Kiswahili ndiyo inayofichua kwamba hukujua "en" inarejelea nini. Kichwani unaweza kujidanganya, kwenye karatasi huwezi.

Hatua hii inafaa sana kwa maisha ya Dar. Anayetoka Mbagala au Kimara na kukaa saa nzima kwenye foleni ana muda wa kusoma kifungu kimoja mara mbili. Tatizo ni bando na mwanga wa simu, na ndiyo maana tunashauri kutoa kopi steshenari, vifungu vitano vya wiki kwa pamoja, herufi kubwa. RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, wana taarifa ya habari ya Kifaransa chepesi ya dakika 10 na maandishi yake, na televisheni ya TV5Monde wana mazoezi yaliyopangwa kwa ngazi kuanzia A1 hadi B2. Sampuli za mtihani wenyewe hupatikana bure kwa France Éducation international. Kuzungumza na majirani Wakongomani na Warundi ni kuzuri kwa sikio, na hapa mjini hawakosekani. Kwa sehemu ya kusoma hakutoshi. Kumbuka pia kwamba wao husema "septante" kwa 70 na "nonante" kwa 90, kama Wabelgiji, wakati karatasi yenye mtindo wa Ufaransa itaandika "soixante-dix" na "quatre-vingt-dix".

Wiki ya 4 hadi ya 6 ni maswali bila saa. Kanuni ni moja na haina msamaha: kila jibu liwe na namba ya mstari pembeni, unaoonyesha ushahidi uko wapi. Jibu lisilo na mstari ni la kubahatisha hata kama ni sahihi, na unalihesabu kama kosa. Daftari la makosa lina safu nne: swali, nililochagua, neno lililonivuta, maneno ya kifungu yanayothibitisha jibu sahihi. Baada ya karatasi tano hesabu safu ya tatu. Mmoja atakuta anavutwa na maneno yaliyonakiliwa, mwingine na namba, mwingine na "il" na "elle". Kila mtu ana shimo lake, na akilijua nusu ya kazi imekwisha.

Badala ya orodha ya maneno mapya, andika jozi za usemi: "faute de place" na "trop petit", "bénévole" na "qui travaille sans être payé", "embaucher" na "donner du travail", "il est interdit de" na "on n'a pas le droit de", "en hausse" na "de plus en plus nombreux". Jozi tano kwa siku zinatosha. Mtihani unapima jozi.

Wiki 2 za mwisho ni karatasi kamili kwa saa, mbili kwa wiki, na usianze na kusoma. Siku ya mtihani kusikiliza kunatangulia, dakika kama 25, na unaingia kwenye ufahamu akili ikiwa imekwisha kuchoka. Kwa hiyo na nyumbani sikiliza kwanza, ndipo usome. Feni ikizima kwa sababu umeme umekatika, endelea hivyohivyo.

Muda wa dakika 45 tunaugawa hivi: 12 kwa zoezi la kwanza, 13 kwa la pili, 15 kwa la tatu, 5 za kurudia. Kwenye vifungu, anza na kichwa cha habari, utangulizi na jina la gazeti, dakika moja. Kisha soma maswali bila chaguzi zake. Ukisoma chaguzi kabla ya kifungu, uongo unakuwa umeshaingia akilini kabla ya ukweli. Soma kifungu chote mara moja. Ndipo urudi swali kwa swali. Kwa kawaida maswali yanafuata mpangilio wa kifungu, kwa hiyo jibu la swali la 4 usilitafute juu ya jibu la swali la 3. Lijibu kichwani kwa Kiswahili, na hapo tu ufungue A, B na C. Neno usilolijua likikusimamisha zaidi ya nusu dakika, liache, songa.

Kamusi hairuhusiwi, simu imezimwa, kalamu iwe ya wino. Dakika 5 za mwisho zina mpangilio: kwanza visanduku vitupu, vijazwe vyote. Kisha majibu yale tu uliyoyawekea alama ya shaka. Badilisha jibu pale tu ulipopata mstari unaolipinga. Kama hujaupata mstari huo, liache la kwanza lisimame.